Kabla Hujawaleta Watoto Kwenye Mbuga ya Ziwa Nakuru

Nakuru

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Nakuru, ambako sote tu wazima, na natumaini nanyi hapo Kisumu hamjambo. Barua yako niliipata na swali lako nimelielewa: mwenzenu mmoja wa hapo shuleni alikuja huku na familia yake, akaizunguka Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, akarudi akisema hakuna cha kuona, na sasa unajiuliza kama inafaa kutumia akiba ya likizo ya Agosti kuwaleta watoto. Jibu langu ni kwamba mje, ila mje mkijua mnachokuja kutazama. Tangu nilipoanza kukodisha vyumba kwa wasafiri nimesikiliza masimulizi yao mengi wakati wa chakula cha jioni, nami nimeona kuwa wanaolalamika na wanaofurahi mara nyingi huwa wamepita barabara zile zile na kuwaona wanyama wale wale.

Lalamiko kubwa ni la heroe. Sisi wa rika letu tulizoea kuiona picha ya ziwa hili katika kalenda na vitabu vya shule, ukingo mzima ukiwa wa waridi kwa wingi wa ndege hao, na msafiri anapofika akakuta maji mapana ya kijivu na kundi dogo la heroe kwa mbali, huona ametapeliwa. Hakuna aliyemtapeli. Heroe wadogo, ambao ndio waliokuwa wengi hapa, hula mwani unaostawi katika maji yenye magadi mengi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maji ya ziwa yamepanda sana, magadi yakazimuliwa, chakula kikapungua, nao wakahamia Ziwa Bogoria kule Baringo na maziwa mengine ya Bonde la Ufa. Huja na kuondoka kadiri maji yanavyobadilika, kwa hiyo mtu yeyote wa biashara ya utalii anayekuahidi heroe kwa tarehe fulani, mtilie shaka.

Kwa maoni yangu, huko kupanda kwa maji ndiko jambo la kwanza ambalo watoto wako wanapaswa kuonyeshwa, ingawa ni wasafiri wachache mno wanaomwomba dereva asimame kwa ajili yake. Ukingoni utaiona migunga iliyokufa imesimama majini, mashina yakiwa meupe na matawi yakiwa makao ya ndege; lango kuu la zamani na majengo yaliyokuwa karibu nalo yalifunikwa na maji, ikabidi lango lingine lijengwe; na nje ya uzio, majirani zetu wa Mwariki walilazimika kuzihama nyumba zao. Wewe unayefundisha jiografia ukiwa kando ya Ziwa Victoria, ambalo nalo lilifurika mwaka 2020, hutahitaji maelezo marefu kutoka kwangu. Mgeni wangu mmoja aliyetumia asubuhi nzima kuwatazama ndege aina ya mwari wakivua samaki katikati ya hiyo migunga iliyokufa alirudi na furaha iliyomzidi yule aliyemwona chui, kwa sababu yule wa chui aliona mkia tu, na aliuona akiwa amezungukwa na magari mengine.

Jambo la pili, na hapa ndipo ningependa mtumie muda wenu mwingi, ni vifaru. Mbuga hii ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 188 na imezungushiwa uzio, na mwaka 1987 ilifanywa hifadhi ya vifaru wakati ambapo ujangili ulikuwa umekaribia kuwamaliza vifaru weusi nchini. Weupe waliletwa baadaye. Leo aina zote mbili zinaishi humu, na ni sehemu chache ambako mtu wa kipato chetu anaweza kutoka mjini kwa gari la kukodi na, kabla chai ya saa nne haijafika, awe amemtazama kifaru akila majani bila darubini. Weupe utawaona kwa urahisi, kwa kuwa hulisha katika uwanda wazi na mara nyingi huwa wengi pamoja. Mdomo wao ni mpana, wa kukatia nyasi. Mweusi ana mdomo uliochongoka wa kuvutia matawi, hupenda kujificha vichakani, na ana hasira za haraka. Waambie watoto wamtafute huyo mweusi, kisha uone jinsi kelele za ndani ya gari zitakavyokwisha.

Twiga pia wasipitwe, hasa na nyinyi wa upande wa magharibi. Hawa ni twiga wa Rothschild, ambao miguu yao haina madoa kuanzia gotini kushuka, na walihamishiwa hapa katika miaka ya 1970 kutoka upande wa Soy, karibu na Eldoret, mashamba yalipozidi kuyabana makao yao. Kwa hiyo ukiwatazama, unawatazama watani wenu waliohamia Nakuru kama nilivyohamia mimi. Simba wapo, na wana tabia ya kupanda miti, lakini si kila siku wanaonekana. Watoto wenu wamewazoea wale wa kizuizini katika hifadhi ya Impala hapo Kisumu, hivyo inafaa waelezwe mapema kwamba wa huku hawana ratiba. Tembo hawapo kabisa. Nyati, kuro, swala pala, ngiri na pundamilia utachoka kuwahesabu.

Kuhusu dereva, na hili nalisema kwa uchungu kidogo, chagueni kwa makini. Wako wanaoendesha kana kwamba wanalipwa kwa idadi ya wanyama, wakipigiana simu kwamba simba ameonekana mahali fulani, kisha gari linakimbizwa kwa vumbi kupita mambo mengi ya maana ili kuwahi foleni. Mwenzenu alipelekwa namna hiyo, ninavyoelewa, na ndiyo maana hakuona kitu. Mwambie dereva tangu mwanzo kwamba mngependa kusimama mara nyingi na kuzima injini. Mpande hadi Baboon Cliff asubuhi, kwa kuwa kutoka pale ziwa lote linaonekana pamoja na mji, na vyakula vibaki garini madirisha yakiwa yamefungwa, maana nyani wa pale hawaombi. Maporomoko ya Makalia, kusini kabisa, yapendeza kama mvua imenyesha. Kama haijanyesha, msijisumbue.

Malipo ya kiingilio hufanywa kwa njia ya mtandao kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, si kwa pesa taslimu langoni, kwa hiyo lipeni mkiwa nyumbani na mje na vitambulisho ili mtozwe ada ya raia. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga zetu tangu Juni 2020. Bebeni maji katika chupa za kudumu. Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na huo ndio wakati wa kuingia. Halafu kumbuka kwamba huku tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari: asubuhi ya Agosti ina baridi ambayo watoto wa Kisumu hawaijui, na sweta moja haitoshi.

Nijulishe mapema mtakuwa wangapi, ili niwatengee vyumba na nizungumze na dereva ninayemwamini, mtu mpole anayewajua ndege kwa sauti zao. Mkipitia Kericho, mnunulie mama yangu majani ya chai, naye atawapikia mukimo mtakapofika. Msalimie mwalimu mkuu na wote wanaonikumbuka hapo shuleni.

Wako wa siku zote,
Mwalimu mwenzako wa Nakuru