Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: chanjo ya malaria ilijaribiwa Bagamoyo, itarudi lini?

Magomeni, Bagamoyo
Julai 2025

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: CHANJO YA MALARIA KWA WATOTO WETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ndivyo tulivyofundishwa kuanza barua inayokwenda serikalini, na sitaki hii iwekwe pembeni kwa kukosa adabu. Pokea salamu zetu, Mheshimiwa. Mimi ni mama wa watoto wawili, na nyuma yangu wapo wazazi wenzangu tunaokutana kliniki siku za kupima uzito, tukikaa kwenye mabenchi tukibishana mpaka nesi anatoka kutunyamazisha. Hatuna chama wala mhuri. Tuna swali moja: chanjo ya malaria itaingia lini kwenye ratiba ya watoto wa Tanzania Bara, na kama haiingii, sababu ni nini?

Ungeulizwa na mzazi wa mkoa wowote lingekuwa swali halali. Likitoka Bagamoyo lina uzito wa ziada, na naomba nieleze kwa nini.

Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo chake hapa mjini. Watoto wachanga 340 wa Bagamoyo waliingia kwenye utafiti ulioongozwa na Dk. Salim Abdulla, kuona kama chanjo ya malaria iitwayo RTS,S inaweza kutolewa pamoja na chanjo za kawaida za kliniki bila madhara. Matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Mei 2009 utafiti mkubwa wa awamu ya tatu ukaanzia hapa hapa, ukaenea hadi vituo 11 katika nchi 7 za Afrika, kimoja kikiwa Korogwe kwa ndugu zetu wa Tanga. Watoto zaidi ya 15,000 walishiriki. Ilipokuja chanjo ya pili, R21 ya Chuo Kikuu cha Oxford na Serum Institute of India, watoto 4,800 walishiriki kutoka Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, na wa Tanzania walitoka Bagamoyo. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi ya ile ya kwanza Oktoba 2021 na ya pili Oktoba 2023. Kwa hiyo zote mbili zimepita kwenye damu ya watoto wa mji huu.

Mheshimiwa, hilo halikuwa jambo dogo. Katika wilaya hii, mtoto akipata degedege, wazee wengi waliamini akidungwa sindano anakufa. Alitakiwa afukizwe, apelekwe kwa mganga kwanza, hospitali baadaye, na mara nyingi baadaye hiyo ilikuwa imeshachelewa. Ni kwa watu hao hao, wenye hofu hiyo hiyo ya sindano, watafiti walikwenda kuomba watoto wazima, wasioumwa, ili wawadunge. Na tulikubali.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwemo katika utafiti wa 2009. Karatasi ya ridhaa ilisomwa kwa Kiswahili, ukurasa mmoja baada ya mwingine; asiyejua kusoma alikuja na shahidi wake, akaweka dole gumba. Mume wangu aliuliza kama damu itakayotolewa itauzwa. Daktari hakukasirika. Alimwonyesha kichupa chenyewe, akaeleza kinapelekwa maabara gani na kitapimwa nini. Baada ya sindano tulibaki pale kwanza, mtoto akatazamwa, akapimwa joto kwapani. Siku zilizofuata kijana wa mradi alikuja nyumbani na baiskeli na fomu zake: amenyonya? analia sana? pale alipochomwa pamevimba? Majirani walisema tumemuuza mtoto kwa Wazungu. Tukanyamaza, maana ukimjibu kila mtu hutapata muda wa kupika.

Watoto waligawanywa makundi kwa siri, na siri hiyo ilipofunguliwa tukaambiwa wetu aliangukia kundi la kulinganisha, lililopewa chanjo ya kichaa cha mbwa. Tulicheka. Mbwa hawana habari naye. Mbu ndio wanaomla. Lakini sidai fidia, na naomba asije mtu akaigeuza barua hii kuwa ya madai. Bila kundi lile kusingekuwa na cha kulinganisha, na hilo tulielezwa kabla ya kusaini.

Sasa mdogo wake ana miezi tisa. Juzi amechomwa ya surua na rubela. Kwenye kadi yake ipo kifua kikuu, polio, ile ya tano kwa moja, nimonia, kuhara. Ya malaria haipo. Angezaliwa Homa Bay, Kenya, siku ile ile, leo angekuwa na dozi tatu. Kenya walianza Septemba 2019, pamoja na Malawi na Ghana waliotangulia Aprili mwaka ule. Msumbiji wameanza Agosti 2024, Kongo Oktoba 2024, Uganda Aprili mwaka huu. Ukisimama katikati ya nchi yetu ukageuka, karibu kila upande unaoutazama jirani ameshaanza.

Na si majirani tu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024 inasema zaidi kidogo ya nusu ya vifo vyote vya malaria duniani hutokea katika nchi nne: Nigeria, Kongo, Niger na Tanzania. Tatu za kwanza zinachanja. Nani amebaki, Mheshimiwa, hata mtoto wa darasa la pili atakujibu.

Najua wizara yako haijakaa bure. Mwaka 2015 watoto wenye vimelea vya malaria, kwa waliopimwa chini ya miaka mitano, walikuwa karibu 15 kwa kila 100. Mwaka 2022 wakawa 8. Hiyo ni kazi ya vyandarua, ya dawa mseto, ya kipimo cha haraka ambacho siku hizi kipo mpaka zahanati ya kijijini, ya dawa ya kuua viluwiluwi inayotengenezwa mkoani kwetu Pwani, pale Kibaha. Inawezekana mmekaa mkapiga hesabu mkaona shilingi ile ile ikinunua vyandarua inaokoa watoto wengi zaidi. Inawezekana ni majokofu. Inawezekana ni fedha: R21 ni chini ya dola 4 kwa dozi na mtoto anahitaji dozi nne, Gavi, shirika la kimataifa linalosaidia nchi kununua chanjo, ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya gharama kwa nchi kama yetu, na mwezi uliopita tu Marekani imetangaza haitaichangia tena Gavi. Zote hizo ni sababu ambazo mtu mzima anaweza kuzisikia akazielewa. Mama ntilie anajua bajeti kuliko wachumi wengi. Tunachoomba ni kuambiwa ipi kati ya hizo ndiyo sababu.

Usidhani kwenye mabenchi yetu sote tuna kauli moja. Yupo baba mmoja, fundi seremala, anayesema chanjo yenyewe ni dhaifu, serikali inafanya vyema kungoja. Hakosei sana. Katika utafiti wa awamu ya tatu, watoto waliopata dozi zote nne za RTS,S walipungukiwa na malaria kwa kama theluthi moja katika miaka minne. R21 ilifanya vizuri zaidi katika mwaka wa kwanza, asilimia 75 kule ambako malaria ni ya msimu na 68 kwingineko. Hakuna hata moja inayofanana na ya surua, ambayo ukiipata yote umekwisha mambo. Chandarua hakitupwi. Ila mtoto anayeugua mara sita kwa mwaka akaugua mara nne, mama yake ameokoa nauli, ameokoa siku za biashara, na pengine ameokoa ile mara moja ambayo ingemfikisha mtoto kuongezewa damu.

Mwingine, huyu ni mwalimu na anasoma sana, alituletea jambo gumu zaidi: katika ule utafiti wa awamu ya tatu, waliochanjwa walionekana kupata homa ya uti wa mgongo zaidi ya wenzao, na vifo vya watoto wa kike vilileta maswali. Ni kweli. Hayakufichwa, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani halikuruhusu chanjo isambae mara moja. Lilitaka kwanza ichunguzwe kwa watoto wengi zaidi Ghana, Kenya na Malawi. Huko dalili zile hazikuonekana tena. Kilichoonekana ni vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa kupungua kwa asilimia 13 katika maeneo yaliyopewa chanjo. Yote haya nimemweleza mimi, muuza vitenge, kwenye benchi la kliniki. Ilipaswa aelezwe na mtu wako.

Hapo ndipo kimya cha wizara kinapotuumiza sisi tunaoamini chanjo. Aprili 2024 mlipokuja mashuleni na chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, sauti za WhatsApp zilitangulia kufika. Zilisema watoto watakuwa tasa. Kuna wazazi waliwafungia mabinti ndani. Sisi ndio tuliopita nyumba hadi nyumba kusema jamani, virusi vya HPV vinavyoileta vinajulikana, saratani hii inaua mama zenu, mpelekeni mtoto. Leo mama yule yule aliyefungia binti yake ananiuliza: “Kama serikali inawapenda hivyo watoto wetu, mbona ya malaria, ugonjwa tunaouona kila masika, hawaleti? Ile tusiyoiomba imekuja mbio, hii tunayoiomba iko wapi?” Sina cha kumjibu. Na asiye na jibu mtaani kwetu anaonekana ametumwa.

Niseme na jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawatalipenda. Wapo wanaotaka Bagamoyo iwe ya kwanza, eti kwa shukrani. Mimi sikubaliani nao. Mwaka 2022 Tabora walikuwa na watoto 23 wenye vimelea kwa kila 100. Mtwara na Kagera nao wako juu. Kama dozi ni chache zianzie huko, sisi wa Pwani tusubiri foleni. Lakini anayeambiwa asubiri huonyeshwa foleni ilipo.

Tukishafika kwenye utekelezaji, lipo moja ambalo akina mama wanalijua kuliko wataalamu. Dozi tatu za mwanzo hazina shida. Huanza mtoto akiwa na miezi mitano, na mwezi wa tano, wa sita na wa saba sisi tunakwenda kliniki tayari, kupima uzito, tunarudi na alama ya kalamu kwenye kadi. Shida ni ya nne. Mtoto ameshatembea, mama ameshabeba ujauzito mwingine au amerudi kwenye mashamba ya mpunga Ruvu, nani anakumbuka? Basi ya nne iwekwe siku moja na ile ya pili ya surua na rubela, miezi 18. Safari ya pekee kwa ajili yake wengi hawataifunga. Na pale wataalamu wanapokaa kuishauri wizara kuhusu chanjo, kiwekwe kiti cha mzazi, hata kimoja, kwa mambo kama haya.

Mheshimiwa, huu ni mwaka wa uchaguzi na kila mtu anaahidi. Ahadi hatuhitaji. Tunaomba tamko la wizara kabla ya mvua za vuli, lisomwe redioni na libandikwe kliniki karibu na bango la chandarua, likisema mojawapo ya haya: tunaanza tarehe fulani, mikoa fulani; au hatuanzi kwa sasa, kwa sababu fulani, na tutapitia uamuzi huu mwezi fulani. La pili litatuuma, lakini tutalibeba mpaka benchini na kulitetea kama tulivyotetea mengine.

Na ikikupendeza kuja mwenyewe, siku za kupima uzito tuko pale kuanzia saa mbili asubuhi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama wa watoto wawili,
kwa niaba ya wazazi wa kliniki, Magomeni, Bagamoyo

Nakala: Mganga Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga, kwa ajili ya wazazi wa Korogwe.