Mwanangu, simu yako imlilie nani?

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi huku ni wazima. Bibi yako amesharudi nyumbani, presha imeshuka, na tangu juzi ameanza kulalamikia chumvi kwenye mchuzi, kwa hiyo ujue amepona.

Dhumuni la barua hii si kukugombeza. Kazi hiyo mjomba wako ameshaifanya, tena kwenye grupu la ukoo, mbele ya mashangazi wote. Nimeona nikuandikie kwa kirefu kwa sababu kwenye simu tungeishia kubishana, na kwa sababu jambo lenyewe ni la kazini kwangu kabisa, ingawa wewe unaliona ni la simu.

Usiku ule bibi alipozidiwa tulikupigia mpaka tukachoka, simu inaita tu. Kesho yake ukaniambia, "Mama, simu yangu inalia mchana kutwa. Usiku nisipoiweka sailensi silali." Nakuamini, maana nilikuona ulipokuja likizo. Uliiacha juu ya sinia pale jikoni ukawa unasukuma chapati, na kila mara sinia lilipotetemeka simu ilijongea kidogo kuelekea ukingoni. Ukafuta unga mikononi, ukaangalia: duka la viatu la Instagram lina punguzo. Ukarudi kwenye chapati. Ting! Mtu kwenye grupu la darasa kaandika "Amina". Ting! Kamati ya harusi ya binamu yako, mtu kaahidi elfu hamsini na wajumbe wote wanampigia makofi ya emoji, mmoja mmoja. Ting! Watu wa kubeti, na sijui namba yako wameitoa wapi. Mlio ulikuwa ni ule ule mmoja. Na ungekuwa ni ule ule kama baba yako angekuandikia kwamba amepata ajali.

Sasa nikupeleke ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, kwa sababu hujawahi kuingia tunakofanyia kazi.

Kila kitanda kina monita, na kila monita inalia. Oksijeni ikishuka inalia. Mapigo yakizidi au yakipungua inalia. Kile kibanio cha kidoleni kikichomoka kwa sababu mgonjwa amejikuna, inalia. Vibandiko vya kifuani vikilegea kwa jasho (na jasho la Tanga unalijua), inalia vilevile, na hapo mgonjwa mwenyewe hana neno. Pampu ya dawa nayo inalia ikikaribia kwisha, ikiisha, na mpira ukijikunja. Muuguzi mgeni wiki ya kwanza anaruka kwa kila mlio. Baadaye anatembea katikati ya kelele ile anapiga stori. Masikio yake ni mazima kabisa. Akili ndiyo imeshajifunza kwamba milio mingi haina kitu ndani yake, ikaamua kuiacha yote ipite.

Jambo hilo limeua watu. Mwaka 2013 chombo kinachothibitisha ubora wa hospitali huko Marekani, Joint Commission, kilitoa onyo kuhusu ving'ora vya mashine za hospitali. Kati ya Januari 2009 na Juni 2012 kilikuwa kimepokea taarifa za matukio 98 ya namna hiyo, na katika 80 kati ya hayo mgonjwa alifariki. Onyo lenyewe lilikadiria kwamba katika kila milio mia, kuanzia 85 mpaka 99 haikuhitaji mtu afanye chochote kwa mgonjwa. Na kati ya sababu zilizotajwa ilikuwemo hii: wafanyakazi walizidiwa na kelele, wakapunguza sauti au wakazima king'ora.

Umeona? Wamefanya kama ulivyofanya wewe. Hawakuwa wavivu wala hawakuwa na roho mbaya. Ukimlundikia binadamu kelele, siku moja atazima zote, na ile moja ya kweli itazimwa pamoja nazo. Ndiyo maana sikukasirika kama mjomba alivyokasirika.

Lakini huwezi kuendesha ICU kimya, na wewe huwezi kuishi Dodoma simu ikiwa bubu wakati una bibi wa umri ule. Kwa hiyo nakufundisha tunavyofanya sisi. Mgonjwa akifika, hatuiachi monita na mipaka iliyotoka nayo kiwandani. Mtu ambaye mapigo yake ya kila siku ni ya chini tunamwekea mpaka wake, mashine isimlilie bure usiku kucha. Vibandiko tunavibadilisha kabla havijalegea, na ngozi tunaisafisha kwanza. Milio yenyewe ina madaraja: ule wa hatari una sauti yake na taa nyekundu, wa tahadhari una ya kwake na taa ya njano. Nikiwa nimempa kisogo mgonjwa najua kama nikimbie au nitembee. Simu yako ina mambo yote hayo, ila hakuna aliyekuonyesha.

Anza na programu. Tangu Android 13, toleo la mwaka 2022 la mfumo wa simu kama yako, programu mpya lazima ikuombe ruhusa kabla ya kuanza kukutumia arifa. Wengi tunabonyeza "ruhusu" kama tunavyofukuza inzi, ili tufike tunakokwenda. Wewe kataa. Duka la viatu halina dharura. Mchezo wa kupanga peremende hauna dharura. TikTok haijawahi kuwa na dharura tangu izaliwe. Kwa zile ulizokwisha kuziruhusu, subiri arifa ije, ibonyeze uishikilie, simu itakuuliza kama unataka iwe kimya au izimwe kabisa. Tangu Android 8, ya mwaka 2017, arifa za programu moja zinaweza kugawanywa kwa mafungu, kwa hiyo unaweza kumwachia mtu anayekuandikia inbox apige mlio, ukanyamazisha "fulani ameweka picha" na "fulani yuko laivu". Ukae siku moja na chai yako uzipitie. Inachosha kidogo, sikufichi.

Usidanganyike kwamba ukiiweka kwenye mtetemo umemaliza. Mwaka 2015 watafiti wa Florida State University walichapisha utafiti wao: watu waliopewa kazi inayotaka umakini walikosea zaidi simu zao zilipopokea arifa, hata wasipoigusa simu wala kuitazama. Akili inaondoka tu yenyewe kwenda kuuliza ni nani. Kwa hiyo zile zisizo na haja zisilie, na zisitetemeke pia. Hasa unaposoma.

Magrupu ndiyo mtihani, na hapa kuna siasa. Najua umewahi kufikiria kutoka kwenye grupu la ukoo. Tangu 2022 WhatsApp haiwatangazii tena wote kwamba umetoka, inawaambia maadmini peke yao. Lakini maadmini wa grupu letu ni shangazi zako wawili, kwa hiyo faida ya usiri huo unaijua mwenyewe. Usitoke. Linyamazishe. Ukifungua jina la grupu ukagusa sehemu ya kunyamazisha, utaulizwa unanyamazisha kwa saa nane, kwa wiki moja, au daima, chagua daima. Zamani mwisho ulikuwa mwaka mmoja, hilo la daima limeletwa 2020, na nadhani aliyelibuni naye ana shangazi. Hakuna atakayejua. Meseji zitaingia kama kawaida, utazisoma ukiwa na nafasi, utaandika "Poleni" na "Hongera" kwa mkupuo, na heshima yako itabaki palepale. Grupu la darasa lifanye hivyo hivyo. Mtu akikutaja kwa jina humo ndani au akijibu ujumbe wako, simu bado inaweza kukuarifu, kwa hiyo CR, kiongozi wenu wa darasa, akikuhitaji kweli atakupata.

La kamati ya harusi linyamazishe leo, kabla hujamaliza kusoma barua hii. Mchango wako nimeshaulipa.

Baada ya hapo ndipo tunakuja kwenye milio yenyewe. Mlio uwape watu, si programu. Mimi, baba yako, mjomba, na jirani yetu anayekaa karibu na bibi: kila mmoja wetu umwekee mlio ambao hautumiki na mtu mwingine. Kwenye WhatsApp unafungua mazungumzo, unagusa jina, utaona sehemu ya arifa. Kwa simu za kawaida unafanya kwenye jina la mtu kwenye orodha ya namba. Nakuomba tu usiniwekee wimbo mzima. Na usifanye kama binamu yako aliyeweka sauti ya kichanga kinacholia. Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi, siku ile alipopata meseji mezani kwetu nilisimama kabla sijajua nimesimama.

Usiku tumia ile sehemu inayoitwa Usinisumbue. Usiiweke sailensi ya jumla. Sailensi haichagui, inamfungia nje mwizi na mwenye nyumba kwa pamoja. Usinisumbue unaipangia saa, tuseme saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, kisha unaiambia nani apite: watu uliowawekea nyota kwenye orodha yako. Simu nyingi zina na kipengele cha anayerudia, mtu yeyote akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, inaita. Rafiki yako mwenye iPhone anacho pia, ila kwake ni ndani ya dakika tatu. Mimi kipengele hiki nakipenda kuliko vyote, labda kwa sababu nimekulia wakati wa kubipu. Tulikuwa na lugha yetu: bipu moja nimefika salama, mbili nipigie. Sasa mashine yenyewe inaelewa kwamba anayepiga mara mbili usiku wa manane ana jambo. Alamu yako ya kuamka haitaguswa isipokuwa uiguse mwenyewe, kwa hiyo kuchelewa kipindi usisingizie barua yangu.

Kuna kitu kimoja ambacho lazima tukubaliane kama familia, maana simu peke yake haiwezi kukimaliza. Dharura yoyote tunapiga simu ya kawaida, hatupigi ya WhatsApp. Bando linaweza kuwa limekwisha, au umezima data. Bibi mwenyewe ana kitochi, hana njia nyingine. Nimemwandikia mjomba namba yako kwenye karatasi nikambandikia ukutani, nimemweleza: piga, ikikatika piga tena hapo hapo. Ameniuliza kwa nini mtoto asipokee mara ya kwanza. Nimemwambia mtoto anasoma.

Baba yako anasema yote haya ni kujisumbua, yeye anazima data akipanda kitandani basi. Njia yake si mbaya, simu za kawaida zinaingia na bando halitafunwi usiku. Shida yake unaijua: asubuhi akiwasha, simu inalia mfululizo mpaka chai inapoa, na yeye anazisoma zote kwa kufuatana kana kwamba ni kazi aliyoajiriwa.

Meseji za kawaida nusura nizisahau. Za M-Pesa ziache zilie, ada yako inapita humo. Zile za "ile hela tuma kwenye namba hii", na za promosheni zinazokuja saa sita usiku kukwambia umebakiza hatua moja ushinde pikipiki, ukiibonyeza meseji ukaishikilia unaweza kumzuia au kumnyamazisha huyo mtumaji peke yake. Usizime meseji zote kwa ajili yao.

Jumamosi usiku nitakujaribu. Nitapiga mara moja tu, bila kukwambia saa, na nyota yangu itanitosha. Jirani wa bibi naye nimemwomba apige siku yoyote atakayopenda.

Nimekufungia dagaa, unga wa muhogo, na ile shuka uliyoisahau, vinakuja na basi la kesho. Kondakta nimempa namba yako na ya kwake nakutumia kwa meseji. Iwekee nyota mpaka uchukue mzigo, maana basi likichelewa linafika usiku, na wale hawapigi mara mbili.

Ni mimi mama yako.