Pama ya babu yako ilikunjwa upande gani?

Walukuba, Jinja
Jumapili, baada ya alasiri

Assalaam alaykum, somo yangu,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa dereva wa teksi, imekunjwa mara nne na inanuka petroli, lakini imefika. Nashukuru Mungu mama ni mzima na goti limepungua uvimbe. Huku hatujambo. Mvua imetukalia wiki nzima na umeme unakuja usiku wa manane kama mwizi.

Sasa nije kwenye lile neno ulilolitupia mwishoni, chini ya salamu, kana kwamba halina uzito. Umeuliza inakuwaje mtu mwenye wajukuu kama mimi bado anacheza na askari wa plastiki, wakati sisi wawili vita tumeviona kwa macho. Somo, neno hilo nimelisoma mara tatu, na mara ya kwanza liliniuma. Mwaka 1979 tulipotoka Bombo wewe ulikuwa na sufuria kichwani na mimi nilikuwa nimembeba mdogo wangu mgongoni. Sijasahau hata hatua moja. Ndiyo maana ukija kwangu ukapekua makopo yangu yote hutakuta kiaskari hata kimoja cha vita vile, wala sitakitengeneza. Ninaowatengeneza ni wenzake babu yako, waliopigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Hao hukuwaona wewe wala mimi, tulisimuliwa tu tukiwa tumelala mkekani, na nusu ya masimulizi tulisinzia.

Ilianzia soko la Owino, Kampala, miaka minne iliyopita. Nilikuwa nimekwenda kutafuta koti, nikapita kwa mama mmoja anayeuza vitu vya watoto vya mivumba: magari yasiyo na magurudumu, mikono ya madoli, karata pungufu. Chini kabisa kulikuwa na mfuko wa nailoni umejaa viaskari, kama mia na hamsini hivi, vya rangi ya udongo na vya kijani. Alitaka elfu kumi, tukamalizana kwa elfu sita. Nilidhani nawanunulia watoto. Nilipovimwaga mezani na kuvaa miwani, watoto hawakuviona tena. Kiaskari kizima hakizidi ukucha wa dole gumba kwa mengi, lakini kina vifungo vya shati, kina mikunjo ya suruali nyuma ya goti, na kimoja kilikuwa kimefumba jicho kulenga shabaha!

Ni vya kipimo cha 1 kwa 72, yaani mtu wa sentimita 175 anabaki milimita 24 na kidogo. Vingi ni vya Airfix, kampuni ya Kiingereza iliyoanza kuuza vijeshi vya namna hii mwaka 1959. Katika mfuko wangu nilikuta Wajerumani wa jangwani, Waingereza, Wajapani na Waaustralia. Askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku kwetu) hakuwemo hata wa dawa. Unaweza kupanga vita vya Burma mezani pako ukiwa na kila mtu isipokuwa aliyetembea kwa miguu kutoka Tamu mpaka Kalewa. Basi nikaamua wale Waaustralia, kwa kuwa walikwishavaa pama za ukingo mpana, watabadilishwa uraia.

Na kubadilisha uraia ni kazi, bwana. Plastiki yake ni ndugu wa plastiki ya jerikeni: haivunjiki, haikwanguliki, inajikunyata mbele ya wembe. Gundi yoyote ya dukani inakauka juu yake vizuri tu, halafu ukigusa kitu kinadondoka. Nimejifunza kukata sindano ya cherehani vipande vidogo, nashika kipande kwa koleo, nakipasha kwenye mshumaa na kukizamisha shingoni, kisha kichwa kipya nakichomeka juu yake. Huko hakitoki tena. Kabla sijajua hilo nilipoteza vichwa vingi. Kimoja, cha sajenti, tena nilikuwa nimemchonga masharubu, kiliruka kutoka kwenye wembe kikatua mlangoni, na kuku akakimeza nikiwa namtazama. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Sajenti yule sikumpata tena, na kuku tulimla Idi, kwa uangalifu.

Mikoba ya risasi ya kifuani naikanda kwa ile epoksi ya mafundi bomba, ya vipande viwili vya kuchanganya kwa vidole vyenye maji. Mikanda ni karatasi iliyoloweshwa gundi. Panga nakata kwenye kopo la soda. Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee, babu yako, kwa maana alikuwa akituambia kwamba Mwingereza alikuwa na bunduki, Mjapani alikuwa na bunduki, ila mtu wetu alikuwa na bunduki na panga, na kwamba kule msituni siku nyingi panga lilifanya kazi kuliko bunduki. Bila panga kiunoni kiaskari changu kinabaki Mwaustralia aliyepakwa rangi. Likishakaa, hata mkao wake naona unabadilika. Pengine ni macho yangu.

Na bunduki nazo zina maneno. Ile Lee-Enfield yetu ilikuwa na urefu wa sentimita 113, na ya Mjapani, ile ndefu ya zamani, ilifika 128. Kwa kipimo changu tofauti ni milimita mbili, na milimita mbili mezani inaonekana kama mkono mzima. Kuna rafiki alinipa Wajapani watatu akitaka niwageuze wawe askari wetu. Nilikataa. Bunduki ingewasaliti.

Rangi ndiyo iliyonitoa jasho zaidi. Za kwanza nilinunua duka moja mjini, muuzaji akaniapia kwamba zinashika kila kitu. Nilipaka platuni nzima, nikaipanga dirishani, na siku ya kwanza ya kuchezewa rangi ikabanduka vipande vipande kama ngozi ya nyoka. Siku hizi naviogesha kwanza kwa maji ya sabuni, vikikauka navipaka gundi nyeupe ya maseremala iliyozimuliwa, na juu yake ndiyo naweka rangi ya maji. Hazibanduki. Kopo lililoandikwa kuwa ni la rangi ya ngozi lina waridi ndani, sijui ngozi ya nani hiyo. Nachanganya kahawia na nyekundu kidogo, na pale jua linapopiga, kwenye pua na mashavu, naongeza rangi ya chungwa. Kosa la wengi ni kuongeza nyeupe. Ukiongeza nyeupe mtu anapauka, anakuwa kama aliyetoka kuoga akasahau mafuta.

Unasema huku ni kucheza. Sawa, lakini ili nipake kijiko kimoja cha rangi ya kijani nimelazimika kujua mambo ambayo nilipaswa kumuuliza mzee akiwa hai. Kwamba walipokwenda Ethiopia mwaka 1941 walivaa kaki, na kijani cha msituni kilikuja baadaye. Kwamba katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha kifaru, batalioni za Uganda zilikuwa tatu: ya 4, ya 34 na ya 44. Kwamba walishuka bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944, mvua za kule zikiwa zimepamba moto, na kila siku walimezeshwa vidonge vya malaria vilivyowageuza wengine ngozi kuwa manjano. Unakumbuka mzee akisema “Kabao” na sisi tukidhani ni kabati? Ndiyo hilo bonde. Na lugha ya jeshini mwao ilikuwa Kiswahili hikihiki chetu ambacho huku kwetu watu wamekiita lugha ya askari mpaka leo kama vile ni tusi.

Mwanzoni mwa Desemba walifika Kalewa, kwenye mto Chindwin, na hapo wahandisi wakatandika daraja la Bailey, lile la vipande vya chuma vya kuunganishwa, juu ya maboya, zaidi ya mita 350, ambalo wakati huo halikuwa na mwenzake wa aina hiyo duniani kwa urefu. Nilitaka kulitengeneza. Nikagawanya kwa 72, nikapata karibu mita tano. Lingeanzia kitandani kwangu, lipite sebuleni, litokee uani na kuishia bandani kwa kuku, na kuku nimeshakueleza tabia zao. Nimetengeneza maboya matatu tu, nimeyaweka ukingoni mwa meza. Lililobaki mtu ajaze mwenyewe kwa akili.

Kuna jambo jingine nililianza nikaliacha. Nilipata mzinga mdogo, nikasema niutafutie wapigaji wake, watu sita. Nikaanza kusoma habari za wapiga mizinga wetu, nikakuta Rejimenti ya 301. Waliondoka Mombasa Februari 1944 kwenye meli Khedive Ismail, wakielekea Colombo. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani ikaipiga, na inasemekana meli ilizama kwa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297, askari wetu, mabaharia, na wauguzi wanawake. Viaskari vyangu vyote, nikihesabu na vilivyovunjika, havifiki 200. Mzinga nimeufunga kwenye kitambaa, uko kabatini, na sijauwekea mtu.

Kucheza kwenyewe nacheza na mjukuu wangu wa kike, ana miaka tisa. Tuna rula na dadu. Askari anatembea sentimita 15 njiani, na akiingia kwenye mianzi, ambayo ni nyuzi za ufagio nilizozisimamisha kwenye udongo, anatembea saba. Nimeweka sheria ya matope: kabla ya kusogea unatupa dadu, ukipata moja au mbili hamwendi popote, mmekwama. Na sheria ya malaria, inayoondoa watu hata pale ambapo hakuna aliyefyatua risasi. Yeye huchagua Wajapani kila mara, anasema anawapenda kwa kuwa vichwa vyao havijakatwa. Ananishinda. Huwaficha kwenye mianzi ananyamaza, mimi nakwama kwenye matope yangu mwenyewe niliyoyatungia sheria. Juzi akaniuliza kama babu wa babu alikuwa mzuri wa dadu. Nikamwambia alirudi nyumbani, kwa hiyo nadhani alikuwa mzuri. (Nilimweleza pia kwamba Amin hakuwa Burma, hata kama yamesemwa: aliandikishwa KAR mwaka 1946, watu wameshatua mizigo. Ukibisha tutabishana ukija.)

Haya, sasa shida yangu. Nimebakiza platuni moja, watu 30, wote wamesimama mezani wakiwa na mapanga na mikoba, nasubiri kumalizia pama. Waaustralia wanajulikana kwa kukunja ukingo wa kushoto juu. Kwa picha za wetu nilizoziona, mara naona umekunjwa, mara umelala. Nimejaribu vichwa sita, vitatu hivi na vitatu vile, na nikiwatazama wote wananitazama kama wageni. Kisha nikaikumbuka ile picha ya babu yako ambayo bibi aliishona ndani ya mto tulipokimbia, ile iliyo ukutani kwenu sasa. Ninavyokumbuka mimi, ukingo umekunjwa kulia. Kaka yangu anaapa kwamba umelala pande zote mbili. Naomba uende uitazame leo, kabla hujaiweka barua hii chini.

Ila usiniambie tu kushoto au kulia. Picha za zamani nyingine zilisafishwa kwa kugeuzwa, kushoto kukawa kulia, na mtu akabaki hivyo ukutani miaka themanini. Tazama shati lake. Shati la mwanamume, upande wenye matundu ya vifungo ndio unaolala juu, nao ni wa mkono wake wa kushoto, maana yake kwako unayetazama utakuwa kulia. Ukiona kinyume, basi picha imegeuzwa na pama nayo uigeuze. Tazama pia kama kuna kitu kiunoni, maana huwa nakumbuka mpini, ila inawezekana nimeuongeza mwenyewe kwa miaka hii yote.

Picha yenyewe usiitume, hata kwa dereva unayemwamini. Ipige kwa simu mchana, karibu na mlango, na uzime mwanga wa simu kwa sababu ya kioo. Unipigie upande wa mbele na, kama fremu inafunguka bila kumuudhi mama, upande wa nyuma pia, huenda aliandika kitu. Ukingo ukiwa umelala niambie bila kunionea huruma. Nitaanza upya vichwa vyote 30. Kuku wapya nimeshawafungia.

Msalimie mama, na mwambie kahawa yake ya tangawizi naidai.

Wasalaam,
Somo yako