Kihispania hakikinyimi Kiswahili kitu, waacheni vijana wajifunze

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba unipe nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi majuzi kwamba vijana wa Uganda wanaojifunza Kihispania kwenye simu wanapoteza muda, eti wamalize kwanza Kiswahili ndo waende kwa lugha za watu. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari hapa Jinja na kama kuna mtu alitakiwa amshangilie huyo ndugu basi ni mimi. Ila sikubaliani nae. Hii fikra kwamba lugha moja ikiingia kichwani nyingine lazima itoke inawafungia watoto wetu milango ya kazi bila sababu yoyote, manake Mganda wa kawaida anaongea Lusoga au Luganda nyumbani, Kiingereza shuleni, Kiswahili akifika Busia mpakani na Kenya au akikutana na askari, na hatujasikia kichwa cha mtu kimepasuka. Hata pale Umoja wa Afrika, Kiswahili kilipokubaliwa mwaka 2022 kuwa lugha ya kazi kilikikuta Kihispania kimo kwenye orodha pamoja na Kiarabu, Kiingereza, Kifaransa na Kireno, na vinakaa pamoja mpaka leo.

Sasa nije kwenye Marekani yenyewe kwa sababu wengi wa vijana ninaowafundisha wanaota kyeyo, yaani vibarua vya ughaibuni, na wanafikiri ukishajua Kiingereza umeshaimaliza nchi ile. Sensa yao ya 2020 ilihesabu Walatino, yaani watu wenye asili ya Meksiko, Kuba, Puerto Rico na nchi nyingine za Kihispania, milioni 62 na ushee, karibu mtu mmoja katika kila watano, na wanaoongea Kihispania nyumbani wamepita milioni 40. Jilinganishe na sisi, sensa yetu ya 2024 ilitupa milioni 45.9 nchi nzima pamoja na vichanga. Yaani ndani ya Marekani kuna watu wanaokaribia Uganda nzima wanaoamka asubuhi wakasalimiana kwa Kihispania, wana televisheni zao kama Univision na Telemundo, wana maredio, makanisa, mawakili, maduka, na muziki ambao dunia nzima inausikiliza, Bad Bunny wa Puerto Rico anaimba kwa Kihispania na ndo aliyesikilizwa kuliko wasanii wote Spotify mwaka 2020, 2021 na 2022.

Na tusidhani hawa wote wameingia jana. Wahispania walijenga mji wa St. Augustine kule Florida mwaka 1565, Waingereza walikuja kuanzisha Jamestown 1607. Kisha ile vita ya Marekani na Meksiko ilipoisha kwa mkataba wa Guadalupe Hidalgo mwaka 1848, California, Nevada, Utah na sehemu kubwa ya Arizona na New Mexico zikahamia Marekani, watu wakabaki kwenye mashamba yaleyale ya babu zao ila bendera imebadilika. Sisi tunaliona hilo kirahisi, nenda Busia utawakuta Wasamia ukoo mmoja nusu uko Uganda nusu uko Kenya na hakuna hata mmoja aliyehama. Puerto Rico nayo ilichukuliwa kutoka Hispania mwaka 1898 na watu wake ni raia wa Marekani tangu 1917, kwa hiyo Mpuertoriko akipanda ndege kwenda New York haombi viza kwa mtu.

Nina binamu yangu yuko Waltham, Massachusetts, mji ambao Waganda wamejaa. Alianza kama wanavyoanza wengi, kutunza wazee, kunyanyua, kuogesha, kulisha, zamu za usiku, mgongo unauma. Wenzake kazini wengi walikuwa wametoka Guatemala na Jamhuri ya Dominika, akaanza kuokota maneno kwao, salamu, majina ya vyakula, baadae akaingia darasa la jioni. Leo yuko kliniki anapokea wagonjwa, amekaa kwenye kiti, mshahara umepanda, na Kiingereza chake ni kilekile alichotoka nacho Iganga. Kilichomtoa kule ni kwamba mama wa Kiguatemala akiingia na mtoto anayetapika kuna mtu pale mbele anayemwelewa.

Watu wataniambia hiyo ni bahati ya mtu mmoja, hapana, iko kwenye sheria. Sheria ya haki za raia ya 1964 inakataza taasisi yoyote inayopokea pesa ya serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na mahakama na serikali zikaja kuielewa kwamba kumnyima mtu huduma kwa kuwa hajui Kiingereza nako kunaweza kuwa ubaguzi. Ndo maana hospitali zinahitaji wakalimani, na kanuni zilizotokana na sheria ya afya ya Obama haziruhusu mtoto mdogo atumiwe kumtafsiria mama yake ugonjwa isipokuwa dharura, na mtu yeyote mwenye utu anaona kwa nini, fikiria binti wa miaka kumi anamweleza mama yake kwamba ana kansa. Kura pia, tangu 1975 maeneo yenye Walatino wengi yanatakiwa kuchapisha karatasi za kura kwa Kihispania. Mahakama za serikali kuu zina mtihani wao wa wakalimani uliotokana na sheria ya 1978, na mtihani huo siku hizi unatolewa kwa Kihispania. Hapo sijataja shule zinazotafuta walimu wa lugha mbili, benki, polisi, zimamoto, kampuni za ujenzi zinazotaka msimamizi anayeweza kuongea na mafundi, na baadhi ya hizo kazi zinaongeza kitu juu ya mshahara kwa anayeongea lugha zote mbili.

Kuna atakayesema Rais Trump alisaini amri Machi 2025 kwamba Kiingereza ndo lugha rasmi ya Marekani. Kweli alisaini, na akaifuta amri ya Clinton ya mwaka 2000 iliyozitaka idara za serikali ziwasaidie wasiojua Kiingereza vizuri. Lakini ile sheria ya 1964 haikufutwa na amri hiyo, na bibi wa miaka sabini kule Texas kifua kikimbana usiku ataongea lugha aliyolelewa nayo, na daktari atamhitaji mtu wa kumwelewesha, rais awe nani.

Ila nina neno kwa vijana pia. Kuna wanaokariri maneno kwenye simu kama wanavyokariri fomula za fizikia, bila kuwajua wenye lugha, na hao wakifika kazini hawatafika mbali. Lugha ya mtu inakuja na adabu yake. Kwa Kihispania kuna namna ya kumwambia rafiki yako "wewe" na kuna namna ya kumwambia mtu mzima, na ukimwita mzee wa watu kama unavyomwita mtoto mwenzako umeshamkera kabla hujamuuliza anaumwa wapi. Wazee wanaitwa Don na Doña. Puerto Rico, Jamhuri ya Dominika na Venezuela mtoto akikutana na bibi yake au mjomba wake anaomba baraka, na mkubwa anamjibu Mungu akubariki, kila siku, hata kwenye simu, na sisi tuliolelewa na shikamoo na marahaba hatuhitaji mtu atufundishe maana ya kitu kama hicho, hata huku kwetu Busoga na Buganda ambako mtoto anapiga magoti. Mzungu wa Boston atasomea semina kuelewa kwa nini familia nzima inakuja hospitali na mgonjwa mmoja. Sisi tunajua.

Na chakula! Wadominika asubuhi wanachemsha ndizi mbichi wanaziponda, wanaita mangú, wanaweka vitunguu juu, na pembeni mayai na jibini la kukaanga. Mganda akiletewa hiyo sahani hataona ugeni. Wapuertoriko wakati wa Krismasi wanasaga ndizi mbichi na mizizi, wanatia nyama ndani, wanafunga kwenye jani la mgomba na kuchemsha, na yeyote aliyewahi kula luwombo, ule mchuzi wetu unaopikwa ndani ya jani la mgomba, anajua harufu ya jani la mgomba likipata moto inavyoita watu. Mihogo wanayo, mahindi ndo usiseme, Meksiko ndo kwao mahindi. Msichana akifika miaka 15 anafanyiwa sherehe kubwa inayoitwa quinceañera, misa kanisani kisha chakula na muziki, na gharama mara nyingi hazibebwi na baba peke yake, wasimamizi wa ubatizo na ndugu wanagawana, huyu keki, yule gauni, yule ukumbi, na sisi watu wa vikao vya kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, na michango tunaielewa hesabu hiyo vizuri.

Hata muziki tunaoucheza ni wa ukoo mmoja. Santuri za Kuba zilifika Kongo wakati wa ukoloni, Wakongo wakasikia mdundo ambao babu zao walikuwa wameuvusha bahari kwa minyororo, wakauchukua upya wakatengeneza rumba yao, na rumba hiyo ndo iliyowachezesha wazazi wetu hapa Kampala na Jinja. Mwaka 1974 Celia Cruz wa Kuba na wale wanamuziki wa salsa wa New York, Fania All Stars, walikwenda kuimba Kinshasa mbele ya umati. Kuna Walatino weusi mamilioni, kina Garífuna wa Honduras, watu wa pwani ya Kolombia, Wadominika wenyewe, na Mganda anayeongea Kihispania akikutana nao kule anapata ndugu wasiomshangaa.

Tahadhari moja kabla sijaendelea, msiwaite wote Wameksiko. Wameksiko ndo wengi zaidi ndio, lakini Miami ni Wakuba waliokimbia baada ya mapinduzi ya 1959 na watoto wao, New York ni Wapuertoriko na Wadominika, Washington wana Wasalvador wengi, na kila mmoja ana lafudhi yake na bendera yake. Mbrazili anaongea Kireno. Kuna Waguatemala ambao Kihispania wamekifuata shuleni, lugha yao ya nyumbani ni K'iche' au Mam, na hao wanatakiwa waongeleshwe taratibu zaidi.

Tuachane na Marekani kidogo kwa sababu viza sio rahisi na sio kila mtu ataondoka. Kihispania ni lugha moja kati ya sita za Umoja wa Mataifa, na kituo chao cha huduma kipo Entebbe hapo tu. Guinea ya Ikweta, Waafrika wenzetu, waliopata uhuru kwa Hispania tarehe 12 Oktoba 1968, ofisi zao zinatumia Kihispania. Watu karibu milioni 500 duniani wamezaliwa nacho na baadhi yao wanapanda ndege kuja kuona gorila Bwindi na chanzo cha Nile hapa kwetu. Nimewasikia waongoza watalii wa hapa Jinja wakisema kundi la Hispania au Argentina likija wanaanza kupigiana simu kutafuta nani anaongea, na yule mmoja anayeongea ndo anayepata siku zote tano za safari wakati wengine wanagombania nusu siku ya boti.

Na kwetu sisi sio kigumu kama watu wanavyotishana. Irabu zao ni tano, a e i o u, zinatamkwa karibu sawa na zetu, neno unalisoma kama lilivyoandikwa, mwanafunzi wangu wa S2, kidato cha pili, anasoma ukurasa wa Kihispania kwa sauti vizuri kuliko anavyosoma wa Kiingereza hata kama haelewi. Kigumu ni vitenzi, vinabadilika mwisho kwa kila nafsi na kila wakati, na hapo ndo wengi wanaacha. Chuo cha wanadiplomasia wa Marekani kinawahesabia watu wao masaa kati ya 600 na 750 ya darasani mpaka waweze kufanya kazi kwa Kihispania, kwa hiyo anayefikiri dakika kumi za simu kila jioni zitampa kazi ya ukalimani adanganyike na mwingine, sio na mimi. Atafute mwalimu, atafute watu wa kuongea nao, na mwisho afanye mtihani wa DELE unaotambulika dunia nzima, unaosimamiwa na Instituto Cervantes, una ngazi kuanzia A1 mpaka C2. Taasisi hiyo ilifungua kituo Dakar mwaka 2021, Afrika Mashariki tungekipata chetu ingekuwa jambo la maana sana.

Kifaransa na Kijerumani vimekuwa kwenye shule zetu miaka mingi, Kichina nacho kimeingia, lakini Kihispania sijakikuta katika shule yoyote niliyofundisha. Naiomba Wizara ya Elimu ianze hata na klabu za baada ya masomo, na vyuo vya utalii na vya manesi vikipe Kihispania masaa ya kweli kwenye ratiba na mtihani wake. Wazazi, mtoto akiomba bando ajifunzie, mpe.

Na wewe Mhariri, kama kuna Mganda anayesoma gazeti hili akiwa Houston au Miami au Waltham na anafanya kazi kwa Kihispania, mpe ukurasa aandike alianzaje, alisoma wapi na analipwaje. Wanafunzi wangu wa S4 wanaingojea barua hiyo.

Wako,
Mwalimu wa Kiswahili,
Jinja