Mhariri, si bangi iliyonitoa kule, ni miguu

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, na mnisamehe mapema manake hii yangu itakuwa ndefu kidogo, nimeibeba miaka na juzi ndo nikasema basi, leo naandika.

Juzi jioni nilikuwa maskani kwetu huku Mtongwe, Mombasa, kijana mmoja wa jirani akanionyesha video kwa simu, mzungu anakimbia milimani, anasema alirudi vitani na kiwewe na dipresheni, dawa za hospitali zikamshinda, sasa avuta bangi kidogo asubuhi halafu atoka mbio na yuko sawa kabisa. Kijana akanigeukia akaniambia, "Si waona ami, kumbe dawa ni ile ile ulotumia wewe." Na wenzake wote wakaitikia kwa kichwa. Sikulala usiku ule. Manake ni kweli mimi nilivuta, na ni kweli nilikimbia, na ni kweli leo niko mzima, lakini ile hesabu wanayoipiga hao watoto si hesabu yenyewe, na nikinyamaza kuna mmoja wao ataumia.

Wacha nianze mwanzo. Tarehe 29 Aprili 1994, siku ya Ijumaa, feri ilipinduka hapa Mtongwe ikienda kisiwani, si mbali na ufuo, watu 272 wakafa. Babangu alikuwa mmoja wao. Mie nilikuwa darasa la tatu. Siku hiyo alichelewa akaondoka bila kunywa chai, kikombe chake kikabaki mezani kimefunikwa na kisahani, na mamangu hakukitoa pale mpaka siku ya tatu, hilo ndo jambo ninalolikumbuka kuliko hata mazishi. Hakuna mtu alikaa na sisi watoto akatuuliza mwaskiaje. Tuliambiwa ni mapenzi ya Mungu, jikazeni, na tukajikaza kweli, nikakua, nikajifunza cherehani, nikapata kazi ya ushonaji mjini, na kila siku nikavuka kwa feri ya Likoni kwenda na kurudi kama watu wengine, sikuwa na tatizo, au niliona sina.

Halafu ikafika Septemba 2019. Ile gari iliyoteleza kutoka kwenye feri pale Likoni, mama na mtoto wake wa kike, siku 13 mji mzima tukisubiri wazamiaji wawatoe majini. Sijui niseme vipi. Kitu kilifunguka ndani. Wiki ile nilifika kwenye mteremko wa kushukia feri, watu wananipita huku na huku, kila mtu na haraka yake, na miguu ikakataa. Ilikataa kabisa, jasho linanitoka na asubuhi bado kuna baridi, naskia harufu ya chuma na dizeli na naona kile kikombe. Nikarudi nyumbani. Kesho yake vile vile. Mwezi haukuisha kazi ikaenda.

Kule ndani ya hofu ile nilikaa karibu mwaka mzima. Mke wangu, Mungu ambariki, alidhani nimerogwa, tukapelekana kwa mganga mpaka kuku wakaisha. Nilienda pia hospitali moja, nikapanga foleni tangu alfajiri, niliyemkuta akaniuliza kwa sauti mbele ya watu kama mie nina wazimu, mwanamume mzima aogopa feri. Nikaondoka. Nasema hili si kwa kulaumu mtu, nalisema kwa sababu niliporudi kutoka pale ndo nikapita maskani na ndo siku ya kwanza nikapokea msokoto.

Na hapa siwezi kudanganya. Ule usiku nililala. Baada ya miezi ya kuamka saa nane za usiku nikitweta, nililala mpaka jua. Anayesema bangi haifanyi kitu hajawahi kukaa na maumivu ya aina hii, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini wiki za kwanza msokoto mmoja ulitosha, baadaye mitatu, baadaye siwezi kula bila kuvuta, na siongei na mtu, na binti yangu wa miaka sita akianza kunisomea kitabu chake cha shule mie nipo pale na sipo. Usingizi niliupata, ila mimi mwenyewe nilikuwa nimepotea ndani yake.

Kilichoanza kunitoa ni daraja. Lile la kuelea la waenda kwa miguu kutoka Ras Bofu huku Likoni hadi Liwatoni, lilipofunguliwa mwanzoni mwa 2021 mamangu akaniambia, "Mwanangu, sasa waweza kuvuka bila feri, twende." Mzee wa miaka sitini na kitu ananishika mkono kama mtoto. Siku ya kwanza tulifika robo tukarudi. Siku ya pili nusu. Lilikuwa refu lile daraja, karibu kilomita nzima, na ukilitembea asubuhi na mapema waskia maji yanagonga chini yako, tak tak, na upepo, na watu wanakusalimia bila kukujua. Siku niliyofika Liwatoni nilikaa chini nikalia mbele ya watu na sikuona haya.

Basi nikazoea. Kutembea kukawa kutembea haraka, halafu nikaanza kupiga tizi ufuoni Shelly Beach, nikijifunza kusoma maji, kwamba yakipwa mchanga unakuwa mgumu mzuri wa kukimbilia, na kwamba kila siku muda wa maji unasogea mbele kama dakika 50 hivi kwa hiyo huwezi kuwa na saa moja wiki nzima, na siku za bamvua usichelewe manake maji yakijaa ufuo wote unaisha. Mtu wa dipresheni kuwa na kitu cha kumfanya aulize "kesho maji yanapwa saa ngapi" ni jambo kubwa sana jamani, nilikuwa sina kesho, sasa nina kesho ya maji.

Lakini bangi sikuacha. Nikafikiria kama anavyofikiria yule wa video, nichanganye, nivute kwanza nikimbie laini. Kwa muda ilionekana yaenda. Halafu asubuhi moja, sitaisahau, nilivuta ile kitu ya nguvu kuliko niliyozoea, na hapa kwetu mtu hajui anachonunua, nikaanza mbio, hata dakika kumi hazijafika moyo ukaanza kupiga kama unataka kutoka, mikono imekufa ganzi, nikaangalia baharini nikaona maji yananijia. Yananijia mimi. Nikaanguka kwenye yale mawe ya matumbawe nikajikunyata nikipiga kelele maji yaja.

Kulikuwa na mzee mvuvi anakusanya nyavu zake. Hakunicheka, hakuita watu. Alikuja akakaa karibu nami, akasema, "Kaa kitako mwanangu. Maji yanapwa hayo, hayaji." Mimi nasema yaja, yeye asema yapwa. Akainuka, akaokota kijiti, akakichomeka pale pale mwisho wa wimbi, akarudi kukaa. "Angalia kijiti, usiangalie bahari." Tukaangalia. Sijui ni dakika ngapi. Mara kijiti kikawa peke yake, mchanga umekauka kukizunguka, maji yako kule. Akanipa maji ya kunywa kwenye dumu lake, tukarudi pole pole mpaka barabarani.

Baada ya hapo nikaenda hospitali nyingine na safari hii nikakutana na muuguzi wa afya ya akili aliyeniskiliza saa nzima. Yeye ndo alinieleza mambo niliyotaka hao vijana wayajue. Kwamba bangi inapandisha mapigo ya moyo, na mbio zinapandisha, ukizichanganya unauongezea moyo mizigo miwili kwa wakati mmoja, na mtu mwenye kiwewe mapigo yakipanda mwili unadhani hatari imerudi. Kwamba ule usingizi wa bangi unakata ndoto, na ukiacha ghafla ndoto zinarudi kwa kishindo, kwa hiyo wengi wakiacha siku tatu nne wanasema "naona bila bangi nawehuka" wakarudi, kumbe ni mwili unajirekebisha. Kwangu zilikuwa wiki mbili ngumu sana, mke wangu ni shahidi, lakini zilipita kwa sababu niliambiwa zitapita. Na kwa mtoto wa miaka kumi na sita au kumi na saba, ambaye ubongo wake bado unajengeka, hatari ya kuchanganyikiwa akili kabisa ni kubwa zaidi, haswa kama kwao kuna mgonjwa wa akili.

Akaniambia na jambo moja lililonifurahisha mpaka leo. Mwili wa binadamu unatengeneza kitu chake chenyewe kinachofanya kazi palepale bangi inapofanyia kazi kwenye ubongo. Wanasayansi walikigundua Jerusalem mwaka 1992 wakakiita anandamaidi, jina walilitoa kwenye neno la Kihindi cha kale, ananda, yaani furaha. Na kinapanda ukikimbia. Kwa hiyo ile raha niliyoiskia ufuoni nikadhani ni msokoto, sehemu yake ilikuwa yangu mwenyewe, nimezaliwa nayo.

Nikaanza kusoma mwenyewe. Nikaona kule Marekani 2021 walichapisha majaribio ya wanajeshi wastaafu 80 wenye kiwewe, wengine wakapewa bangi ya kweli wengine iliyotolewa makali, wote wakapata nafuu kiasi na tofauti kati yao haikuonekana. Na 2024 jarida moja kubwa la madaktari Uingereza lilikusanya tafiti 218 za watu zaidi ya 14,000 wenye dipresheni, likaona kutembea, kukimbia mdogo mdogo, yoga na kuinua vyuma vinasaidia kweli kweli. Sisemi hakuna mtu duniani aliyesaidika na bangi. Kule Kanada ni halali tangu 2018, mtu anunua dukani kumeandikwa nguvu yake ni kiasi gani, ana daktari wa kumfuata. Hapa Likoni unanunua kwa giza kilichofungwa kwa gazeti na ukikamatwa nacho ni kesi. Huwezi kuchukua maisha ya yule wa milimani ukayaleta hivi hivi Mtongwe.

Na sasa niwaambie upande wa pili pia, wale wazee wetu wanaosema hao wavutaji wote wapelekwe ndani. Sheria yetu ya dawa za kulevya ni ya mwaka ule ule 1994 babangu alipozama, na kwa miaka yote hii nimeona vijana wangapi wakichukuliwa wakarudi kutoka jela wabaya zaidi, kile kidonda kilichowapeleka kwenye msokoto hakuna aliyekiuliza. Mwaka 2020 jopokazi la serikali lenyewe lilisema afya ya akili itangazwe dharura ya taifa. Sawa, hiyo dharura huku kwetu iko wapi? Mimi ningeomba vitu vidogo tu. Taa kwenye njia za kushukia ufuoni, manake wanawake hawawezi kufanya mazoezi alfajiri kwa giza na wao ndo wengi wenye haya maumivu na wanayabeba kimya. Njia zenyewe zisizibwe na kuta za majumba, ufuo ni wa kila mtu. Na kila zahanati iwe hata na mtu mmoja anayejua kuskiliza, si wa kukuuliza una wazimu.

Bustani ya Mama Ngina kule kisiwani kando ya bahari imetengenezwa vizuri, nashukuru, nenda jioni uone watu wanavyotembea pale chini ya mibuyu. Lakini mtu wa Mtongwe aliyekwama ndani hawezi kuanza na Mama Ngina, lazima kwanza avuke.

Mhariri, naomba pia muweke namba hizi kwa maandishi makubwa: 1199 ya Msalaba Mwekundu kwa mwenye mawazo mazito, na 1192 ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, kwa anayetaka kuacha, zote ni za bure. Mimi sikuzijua wakati ule.

Sisi huku tumekuwa kikundi sasa, tulianza wawili, tumefika kumi na mmoja, kuna mama muuza samaki, kuna dereva wa tuktuk aliyeona mwenzake akigongwa, kuna vijana wawili wanaotumia methadoni, ile dawa ya hospitali ya kumsaidia mtu kuacha heroini. Tunakutana Jumamosi kulingana na maji, wengine wanatembea tu, hatushindani. Akija mtu na msokoto mfukoni hatumfukuzi, twamwambia uweke kwanza, twende wote, tukirudi tutaongea. Yule kijana wa video nimemwalika. Jumamosi hii maji yanapwa mapema, nimemwambia saa kumi na moja na nusu asubuhi, nitapita kwao kumgongea.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi cherehani, Mtongwe, Mombasa