Gazeti Halichukui Wiketi: Barua ya Wazi kwa Vijana wa Kriketi

Wanangu mnaochezea Gymkhana ya Dar es Salaam, Ruaraka ya Nairobi, Lugogo ya Kampala na viwanja vya shule,

Habari za mazoezi. Nawaandikia hadharani ili makocha wenu wasome na wazazi wasome, maana jambo hili, kelele za magazeti na mitandao, mchezaji halibebi peke yake.

Kamera zimeanza kuwafuata. Uganda walicheza Kombe la Dunia la T20 (kriketi fupi ya ova 20 kwa kila timu, ova moja ikiwa mipira 6) mwaka 2024, na vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 wakafuzu Kombe la Dunia la 2026 la Zimbabwe na Namibia. Uganda walipotolewa wote kwa mikimbio 39, yaani alama 39 tu, na West Indies kule Guyana, idadi ile ilisambaa haraka kuliko ushindi wao dhidi ya Papua New Guinea siku chache nyuma. Huo ulikuwa mwonjo tu. Anayetaka kuona kelele zikifanya kazi kwa ukubwa wake wote, aitazame India.

Kule kriketi ni biashara ya habari kabla haijawa mchezo. Haki za kuonyesha IPL, ligi yao ya T20, kwa misimu ya 2023 hadi 2027 ziliuzwa kwa zaidi ya rupia bilioni 483, yaani zaidi ya dola bilioni 6. Aliyelipa fedha hizo lazima azirudishe kwa macho ya watazamaji, na macho hayo hayaruhusiwi kupumzika siku isiyo na mechi. Ndiyo maana nyota aliyeshindwa anauza sawasawa na aliyeshinda, pengine zaidi. Mkielewa hilo, nusu ya uchungu wa kuandikwa vibaya unaisha, kwa sababu mwandishi hana ugomvi na wewe. Anajaza nafasi tu.

Hata hivyo msidanganyike kwamba kelele peke yake zinaua mchezo. Februari 2003, kule Afrika Kusini, India walitolewa wote kwa mikimbio 125 na Australia katika Kombe la Dunia. Huko nyumbani watu wakachoma sanamu za wachezaji, nyumba ya Mohammad Kaif mjini Allahabad ikachafuliwa, ikabidi nyota wao Sachin Tendulkar atoe ombi kwa umma watulie. Timu hiyohiyo ikashinda mechi 8 mfululizo. Ya nane ni ile ambayo wazee wa Nairobi bado wanaisimulia, nusu fainali ya Durban dhidi ya Kenya, Sourav Ganguly akibaki na 111 bila kutolewa. Kama gazeti lingekuwa linachukua wiketi, yaani linamtoa mpigaji, wale wasingefika fainali.

Basi kinachomwangusha mchezaji ni nini? Kwa maoni yangu, kelele humwangusha kwa njia tatu, na kubwa kuliko zote ni hii: kelele humpa mchezaji maelezo ya uongo kuhusu kosa lake, naye akiyapokea anakwenda kurekebisha kisichoharibika.

Chukueni habari ya Virat Kohli, mpigaji nyota wa India. Mwaka 2014 alikwenda Uingereza kwa mechi 5 za Test, kriketi ndefu ya siku 5, akapiga mara 10 na kuambulia mikimbio 134. James Anderson, mrushaji wa Uingereza, peke yake alimtoa mara 4. Lawama nyingi za nyumbani zikamwangukia Anushka Sharma, mwigizaji aliyekuwa mpenzi wake wakati huo, eti anamvuruga akili. Wimbo ukarudiwa 2015 alipotolewa kwa mkimbio 1 katika nusu fainali ya Kombe la Dunia mjini Sydney. Sasa tazameni kilichokuwa kikitokea pale kwenye vijiti. Kohli aliuogopa mpira unaoingia ndani, kwa hiyo akawa anafungua nyonga mapema kuusubiri. Ukija unaotoka nje, mwili umeshafunguka, mikono inaufuata mpira mbali na kiwiliwili, ukingo wa gongo unaugusa, slipi, wale wadakaji wa nyuma ya mpigaji, wanadaka. Basi. Aliporudi Mumbai alifanya kazi na Tendulkar kuhusu mkao wa nyonga na hatua ndefu ya mbele, na Ravi Shastri, mkurugenzi wa timu wakati huo, akamshauri asimame nje ya mstari wa mpigaji ili aukute mpira kabla haujamaliza kupinda. Mwaka 2018 alirudi Uingereza, mechi 5 vilevile, akapata mikimbio 593.

Hakuna kichwa cha habari kilichotaja nyonga kwa herufi kubwa, kwa sababu nyonga haiuzi. Kwa hiyo mkitolewa mara 3 mfululizo, msisome mtu yeyote kabla hamjatazama video pamoja na kocha na kujibu maswali haya: mpira ulidondokea wapi, kichwa changu kilikuwa wapi, mguu wa mbele ulielekea wapi, na niliamua kupiga kabla au baada ya kuuona mkono wa mrushaji? Yaandikeni majibu kwa kalamu. Namna ya kutolewa ikifanana mara 3, kosa ni la ufundi na lina dawa kwenye neti, pale mnapofanyia mazoezi. Zikitofautiana zote, huenda ni uchovu, au bahati mbaya tu, nayo ipo kwenye kriketi kuliko tunavyokubali.

Njia ya pili ni hesabu za watu wengine. Tendulkar alipiga mia (mikimbio 100 katika zamu moja) yake ya 99 ya kimataifa mjini Nagpur tarehe 12 Machi 2011. Ya 100 ilikuja tarehe 16 Machi 2012 kule Mirpur. Katikati, kila alikokwenda aliulizwa lini, hata na wahudumu wa hoteli, kama alivyosema mwenyewe baadaye. Siku ilipopatikana alifikisha 114 kwa mipira 147, India wakaishia 289, Bangladesh wakazifikia na kushinda kwa wiketi 5, yaani wakiwa bado na wiketi 5 mkononi. Mimi sithubutu kumfundisha Tendulkar kupiga, lakini sina shaka kwamba siku ile magazeti yalihesabu kitu kimoja na ubao wa matokeo ukahitaji kingine. Kwenu itakuja kwa umbo dogo: nusu mia ya kwanza, kuitwa timu ya taifa, mpira wa mwisho mbele ya kamera ya mtandaoni. Ukifika 40, mwenzako wa upande wa pili akwambie kinachohitajika kwa ova, asikutajie alama zako.

Njia ya tatu ni mwili, na hapa nawaomba makocha wasome mara mbili. Mpira wa kilomita 140 kwa saa humfikia mpigaji kwa kama nusu sekunde. Muda huo hautoshi kufikiri, unatosha kutenda lililozoeleka. Mchezaji anayejitazama kwa macho ya watu huanza kuusimamia mwili wake hatua kwa hatua, nao mwili huo unakuwa mzito. Dalili zinaonekana kwa jicho. Mkono wa chini unakaza gongo mpaka vidole vinabadilika rangi, na mpira uliotakiwa kwenda chini unapaa. Miguu inaganda. Mpigaji anatazama walipo wadakaji mara nyingi kuliko anavyotazama mkono wa mrushaji. Kwa mrushaji, kifundo kinakakamaa: anayetaka yoka, mpira wa kudondokea miguuni pa mpigaji, akiachia mapema inakuwa mpira wa kiunoni usiogusa chini, akichelewa inakuwa fupi, na zote mbili zinavuka mpaka.

Dawa ni utaratibu mmoja usiobadilika kati ya mpira na mpira. Mpigaji atoke kwenye mstari, apige hatua 3 au 4 kuelekea pembeni, atazame kitu kimoja kilicho karibu, kama mshono wa glovu. Avute pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6, kwa kuwa pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayoshusha mapigo. Alegeze mkono wa chini mpaka gongo liweze kuchezacheza mkononi. Atazame wadakaji mara moja tu, arudi, aseme neno moja, "mkono", kisha atazame mkono wa mrushaji. Yote hayo hayazidi sekunde 20. Lakini utaratibu usipofanywa kwenye neti hautakuja siku ya mechi. Tengeni mipira 30 kila zoezi ambapo utaratibu wote unafuatwa huku wenzenu wakipiga kelele na kuzomea, na mpigaji akiruka hatua hata moja, mpira huo usihesabiwe.

Nizungumzie kidogo fainali ya Kombe la Dunia kule Ahmedabad, India, 19 Novemba 2023, maana kila mtu huitumia kama ushahidi wa shinikizo. India walikuwa wameshinda mechi 10 mfululizo, uwanja umejaa, na katikati ya zamu yao zikapita mipira 97 bila hata mmoja kufika mpakani. Wakaishia 240, Australia wakashinda kwa wiketi 6. Hofu ilikuwepo, sikatai. Ila pichi, ule ukanda wa ardhi unaodondokea mpira, ilikuwa nzito mchana, nahodha wa Australia Pat Cummins alipanga wadakaji wake vizuri mno, na mpigaji wao Travis Head akapiga 137. Anayesema "ni presha tu" anawanyima Australia haki yao, na anawanyima vijana somo la jinsi ya kuiba mkimbio mmojammoja pichi inapokataa mipira mikubwa. Presha nayo inaweza kuwa maelezo ya uongo.

Sasa simu. Nahodha na meneja wapange kabla ya mashindano, si siku ya mashindano. Simu zikusanywe usiku wa kuamkia mechi baada ya chakula, na namba ya dharura ya meneja wapewe wazazi. Akaunti ya mchezaji iendeshwe na mtu mwingine muda wote wa mashindano. Msifute akaunti kwa hasira baada ya kipigo, hiyo nayo inakuwa habari. Na ukitaka kukwepa matusi, kwepa na sifa pia. Aliyezoea kusifiwa na wasiomjua ameshawapa wasiomjua ruhusa ya kumuumiza.

Kwenye mkutano na waandishi, jibuni swali la uwanjani kwa jambo la uwanjani. "Kwa nini mlishindwa?" ijibiwe kwa ova na mipira: tulitoa mikimbio mingi ova 4 za mwisho, tulikosa yoka. Swali kuhusu mwenzako lijibiwe hivi: "Hilo nitazungumza naye mwenyewe." Basi, nyamaza. Ukimya baada ya jibu fupi unamchosha mwandishi, na anayeanza kujieleza ndiye anayempa kichwa cha habari.

Kuna kelele ambazo si za mchezo kabisa. Oktoba 2021 India walifungwa na Pakistan kwa wiketi 10 mjini Dubai, na wachezaji 11 wote walishindwa, lakini aliyetukanwa kwa dini yake ni Mohammed Shami, Mwislamu. Kohli, akiwa nahodha, alimtetea hadharani bila kuzunguka, akalipa gharama kwa vitisho dhidi ya familia yake. Septemba 2022, hukohuko Dubai, Arshdeep Singh alidondosha mpira wa kudaka dhidi ya Pakistan, akaitwa msaliti kwa sababu ni Singasinga. Shami akachukua wiketi 24 katika mechi 7 za Kombe la Dunia la 2023. Arshdeep akachukua 17 katika Kombe la Dunia la T20 la 2024. Wanangu, nasi tuna makabila na dini. Siku mwenzenu atakapotukanwa kwa kabila lake, nahodha aseme siku hiyohiyo, kwa jina lake. Asisubiri taarifa ya chama. Na aliyedondosha mpira asifichwe: asogezwe mahali ambapo mpira utamfikia ndani ya ova 2 zinazofuata, aguse mpira, mikono yake isahau.

Mwaka 2024 Hardik Pandya alizomewa viwanja vizima, hata Wankhede, uwanja wa nyumbani, kwa kuwa alipewa unahodha wa Mumbai Indians, timu ya IPL, badala ya Rohit Sharma. Miezi michache baadaye, fainali ya Kombe la Dunia la T20 kule Bridgetown, Barbados, Afrika Kusini wakihitaji mikimbio 16 katika ova ya mwisho, mpira alipewa Pandya, na aliyempa ni Rohit huyohuyo, nahodha wa India. India walishinda kwa mikimbio 7. Waliokuwa wamegombanishwa na watu miezi yote walikuwa wanaaminiana.

Na mabinti msijione mko nje ya barua hii. Jemimah Rodrigues wa India aliachwa nje ya kikosi katikati ya Kombe la Dunia la wanawake la 2025, akarudi, na nusu fainali dhidi ya Australia akabaki na 127 bila kutolewa, India wakifikia lengo la 339. Baada ya mechi alisema waziwazi kwamba alikuwa na wasiwasi mkubwa na alilia karibu kila siku, na akawataja wenzake waliokaa naye. Kocha, mteue mtu wa kazi hiyo kabla hamjaondoka nyumbani: mmoja ambaye hapangi kikosi, ili mchezaji amwambie ukweli bila kuhofia nafasi yake. Mgonjwa wa kweli, asiyelala wala kula kwa siku kadhaa, apelekwe kwa daktari. Haya mambo ya "jikaze" yaishie kwenye kukimbia mbio.

Wazazi, mechi ikiisha ulizeni kwanza kama mtoto amekula. Mikimbio mtaisoma kwenye ubao.

Ni mimi mzee wenu wa kriketi.