Risala ya Klabu ya Sheria ya Wanachuo wa Maarifa ya Jamii kwa Mgeni Rasmi, Tabora

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi, wazazi na wanachuo wenzetu,

Karibu Unyanyembe. Umeacha kazi nyingi ukaja kuketi nasi, nasi tunakushukuru kwa dhati.

Klabu hii ilianza na wanachuo tisa chini ya mwembe. Leo tuko arobaini na mmoja, na mafanikio ni makubwa: midahalo mitatu, igizo la kesi mbele ya chuo kizima, na elimu ya haki za mtoto katika shule mbili za msingi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, hapa tunaomba sikio lako. Kwenye mazoezi ya kufundisha, mwenzetu aliulizwa na binti wa darasa la sita: "Mwalimu, baba akitaka niolewe, sheria inasemaje?" Mwenzetu alijua haifai, ila hakuwa na pa kushika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Sheria ya Elimu nayo inakataza kumwoa mwanafunzi. Mwalimu atalifafanuaje hilo bila vitabu? Na kijijini ndiye anayefuatwa, hata kwa mpaka wa shamba na mirathi.

Sisi tuna Katiba moja, imetoka jalada.

Mwaka juzi mgeni aliyesimama hapo ulipo alituahidi nakala mia moja za sheria kwa Kiswahili kabla muhula haujaisha. Tulimshangilia, tukamvika kitenge. Tukachangishana, tukanunua mbao za mninga, tukatengeneza kabati. Barua tatu tumeandika. Tumejibiwa moja, kwamba suala letu linafanyiwa kazi.

Tunaomba Katiba, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ya Elimu, ya Ndoa, na ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Nakala kumi zikifika tutazipokea kwa furaha kuliko ahadi ya mia. Tunaomba pia, kwa heshima zote, kabla hujaondoka ututajie tarehe, na mtu wa kumpigia simu tarehe hiyo ikipita.

Kabati tumeliweka pale mlangoni. Ukitoka, tafadhali lifungue utazame ndani.

Tunaomba kuwasilisha.